Ufunguo Ukae kwa Mkubwa: Ilani ya Wazazi Wanaozungumza Kiswahili Nchini Marekani

Sisi ni akina mama na akina baba, mashangazi na wajomba, bibi na babu, tuliofika Marekani kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Tanzania, Kenya na Uganda. Wapo kati yetu walioshuka uwanja wa ndege na mfuko wa shirika la uhamiaji la IOM mkononi, wakitoka kambi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale. Wapo waliokuja kusoma, waliopata bahati nasibu ya viza, na waliofuata waume au wake zao. Tumetawanyika Lexington na Louisville, Houston na Dallas, Des Moines, Columbus, Phoenix na Portland. Tunaanzisha harakati hii kwa ajili ya jambo moja: bastola yenye risasi, isiyofungwa, katika nyumba wanamolala watoto.

Tunaanza na hofu, maana ndiyo inayonunua bastola. Aliyewahi kuvunjiwa mlango usiku huko Kongo, Fizi au Masisi, hahitaji kuelezwa na mtu hatari ya usiku. Aliyepanga nyumba mtaa wa kodi nafuu, akasikia milio barabarani na kukuta kioo cha gari kimevunjwa, ana sababu ya kulala jicho moja wazi. Kupiga 911 wakati Kiingereza kinakukwama kooni ni jambo zito. Hofu hii si ya wageni peke yao: katika uchunguzi wa taasisi ya Pew wa mwaka 2023, asilimia 72 ya Wamarekani wenye bunduki walisema kujilinda ni sababu yao kubwa ya kuwa nayo. Kwa hiyo hatutamcheka wala kumsema kanisani, msikitini au kwenye kikao cha chama mtu aliyenunua silaha ili kuwalinda wanawe.

Tulikotoka, bunduki ilikuwa ya mtu mwingine. Ilikuwa ya askari wa kizuizi cha barabarani, ya mwasi aliyeshuka kutoka mlimani, ya mlinzi wa benki. Raia wa kawaida Tanzania au Kenya akitaka kumiliki silaha huomba leseni, huchunguzwa, husubiri, na wengi hawapati. Hapa, katika majimbo mengi, mtu mzima mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu na rekodi safi anaweza kuingia dukani asubuhi na kutoka na bastola kabla ya adhuhuri. Tangu 2005 sheria ya taifa inamtaka muuzaji mwenye leseni aiambatanishe kila bastola na kufuli au kifaa kingine cha kufungia. Sheria hiyo haimlazimishi mnunuzi kukitumia. Basi kufuli hubaki ndani ya boksi, na bastola hulala chini ya mto, au kwenye droo ya kitanda, au juu ya kabati ambako baba anaamini hakuna anayefika. Tumekulia mahali ambapo hakuna mzazi aliyetufundisha namna ya kuhifadhi silaha nyumbani, kwa sababu nyumbani haikuwepo. Hatuna mazoea, na watoto wetu ndio wanaolipa.

Haki ya kujilinda hatuipingi. Mwaka 2008, katika kesi ya District of Columbia dhidi ya Heller, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema raia ana haki ya kuwa na bastola nyumbani kwa kujilinda, na ikafuta sheria ya jiji la Washington, D.C., iliyomtaka mwenye silaha aiweke imefunguliwa vipande au imefungwa kufuli muda wote. Wenzetu wanaopenda kutaja hukumu hiyo tunawaomba waisome yote. Jaji Antonin Scalia, aliyeiandika, alisema wazi kwamba hoja zake hazibatilishi sheria zinazosimamia uhifadhi wa silaha ili kuzuia ajali. Jaji mtetezi wa bunduki kuliko wengi aliuacha mlango huo wazi. Sisi tunaingia kupitia mlango huo.

Wala hatukani kwamba bunduki imewahi kumwokoa mtu. Mkesha wa mwaka mpya wa 2012, huko Blanchard, Oklahoma, mjane wa miaka 18 aliyefiwa na mume siku ya Krismasi alikuwa peke yake na kichanga chake. Wanaume wawili walifika mlangoni. Alisukuma kochi kuuzuia mlango, akapiga 911, akamwuliza mpokeaji simu kama anaruhusiwa kupiga risasi wakiingia. Mmoja aliingia na kisu, na yule mama akampiga risasi akamuua. Hakushtakiwa. Habari hii tunaisimulia wenyewe kabla hatujasimuliwa. Mjiulize bunduki ilikuwa wapi: mkononi mwa mtu mzima, aliyekuwa macho, aliyekuwepo nyumbani, anayejua anachofanya. Silaha ya namna hiyo hatuna ugomvi nayo.

Ugomvi wetu ni na ile iliyo kwenye droo, peke yake na watoto.

Tazameni nyumba zetu zinavyoishi. Baba yuko zamu ya usiku kwenye ghala au kiwanda cha nyama. Mama anahudumia wazee kwenye kituo hadi saa moja asubuhi. Binti wa miaka 13 ndiye anayewalaza wadogo zake. Bastola ilinunuliwa ili familia ilindwe, lakini mwenye kuijua hayupo, na usiku kucha iko katika nyumba isiyo na mtu mzima. Mwizi akiingia, ni nani tunamtarajia aishike? Hakuna mzazi hata mmoja kati yetu aliyewahi kujibu swali hilo kwa sauti. Tunalijibu kwa kunyamaza, na jibu la kimya ni kwamba tumemwachia binti huyo kazi ya askari.

Wapo wanaosema ndivyo inavyopaswa kuwa, na wana kisa chao. Agosti 2000, mjini Merced, California, mtu asiyejulikana kwa familia aliingia nyumba yenye watoto watano bila wazazi, akiwa na uma wa kulimia. Aliwaua wawili, wa miaka 7 na wa miaka 9, kabla polisi hawajamuua. Dada yao mkubwa alikuwa na miaka 14. Baba alikuwa amemfundisha kutumia bunduki, lakini bunduki ilikuwa imewekwa mbali na watoto. Baadaye ndugu wa familia walisema sheria ya California ya kuzuia watoto wasifikie silaha ndiyo iliyowanyima watoto hao ulinzi. Tangu siku hiyo kisa hicho hutajwa na wanaopinga sheria kama hiyo.

Kinauma, na hatukipiti kwa haraka. Hatuwezi kumwambia mzazi yeyote kwamba bunduki ile isingesaidia, hakuna anayejua. Tunachoweza kusema ni mambo mawili. La kwanza, sheria ya California yenyewe haikumwadhibu mzazi ambaye mtoto wake ameichukua silaha ili kujilinda kihalali au kumlinda mwingine. Texas nayo, katika sheria yake ya 1995, inamruhusu mzazi kujitetea kwa hoja hiyo hiyo. Hofu ya sheria ilikuwa kubwa kuliko sheria. La pili ni zito zaidi. Usiku kama ule wa Merced hukumbukwa na nchi nzima baada ya miaka 20 kwa sababu ni adimu. Mtoto anayejipiga au kumpiga nduguye kwa bastola ya mzazi hakumbukwi na nchi. Hutangazwa kwenye televisheni ya mji wake kwa siku mbili, kisha hubaki kwa mama yake.

Hesabu ya wavamizi ipo. Idara ya takwimu za haki ya Marekani ilichunguza wizi wa majumbani kati ya 2003 na 2007, ambao ulifikia takriban milioni 3.7 kwa mwaka. Katika asilimia 28 tu kulikuwa na mtu nyumbani, na katika hizo ni kama robo tu ambamo mtu alishambuliwa. Tena, pale palipokuwa na mashambulizi, katika visa 65 kwa kila 100 mshambuliaji alikuwa mtu anayefahamika na mwenye nyumba: mume wa zamani, jirani, ndugu. Mgeni aliyejifunika uso yupo, lakini si yeye anayebisha hodi mara nyingi.

Na hesabu ya bunduki za nyumbani ipo pia. Mwaka 1998 daktari Arthur Kellermann na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu waliopigwa risasi majumbani katika miji ya Memphis, Seattle na Galveston. Kwa kila mara moja bunduki ya nyumbani ilipompiga mtu kwa kujilinda kihalali, palikuwa na ajali 4, mashambulizi ya jinai 7, na watu 11 waliojiua au kujaribu kujiua. Wanaoupinga uchunguzi huo husema kwamba haukuhesabu mwizi aliyekimbia baada ya kuonyeshwa mtutu. Wana haki ya kusema hivyo. Lakini hata ukimwongeza huyo mwizi aliyekimbia, wale wengine waliopigwa risasi hawapungui.

Tangu 2020, silaha za moto ndizo zinazoua watoto na vijana wengi zaidi Marekani, wa umri wa mwaka 1 hadi 19, kuliko ajali za barabarani na kuliko saratani. Kati ya 2020 na 2022 walikuwa zaidi ya 4,000 kila mwaka. Si wote wanaouawa kwa bunduki ya nyumbani kwao, na tunawaomba wanaharakati wetu wasiitumie namba hii kana kwamba ndivyo. Lakini inakadiriwa kwamba watoto milioni 4.6 wa nchi hii wanaishi katika nyumba yenye angalau bunduki moja yenye risasi na isiyofungwa. Wetu wamo humo.

Mzazi atasema: mwanangu hajui ilipo. Mwaka 2006 ilichapishwa taarifa ya watafiti waliowauliza wazazi wa Alabama wenye bunduki, kisha wakawauliza watoto wao kando. Kati ya wazazi waliosema mtoto hajui bunduki iliko, asilimia 39 walikanushwa na watoto wenyewe. Kati ya waliosema mtoto hajawahi kuishika, asilimia 22 walikanushwa. Mtoto anayejua mama anaficha wapi biskuti za wageni anajua na mengine.

Atasema tena: wangu nimemfundisha asiiguse. Mwaka 2001 jarida la Pediatrics lilichapisha jaribio ambamo wavulana wa miaka 8 hadi 12 waliwekwa kwenye chumba chenye bastola halisi isiyo na risasi, iliyofichwa kwenye droo. Makundi mengi yaliipata. Wengi wa walioipata waliishika, na wapo waliovuta kifyatulio kwa nguvu ya kutosha kufyatua. Karibu wote walioishika walikuwa wameshafundishwa usalama wa bunduki. Sisi tumelelewa kuamini neno la mzazi, na tutaendelea kuwafundisha watoto wetu neno hilo. Ila hatutaliweka neno mahali pa kufuli.

Sasa jambo ambalo katika vikao vyetu halisemwi. Wanajiua. Watoto wetu wanajiua, na tunazika tukisema aliugua ghafla. Kijana aliyekuja akiwa na miaka 6, anayezungumza Kiingereza kuliko wazazi wake, anayetafsiri barua za mwenye nyumba na za hospitali, anayebebeshwa matumaini ya ukoo mzima ulioko Bujumbura au Bukavu, anaweza kuvunjika moyo bila sisi kuona. Tunamwambia asali, awe na subira, awakumbuke wanaoteseka kambini. Kuomba ni sawa. Lakini uchunguzi uliofanywa Houston na kuchapishwa 2001, wa vijana walionusurika, ulikuta kwamba kwa karibu robo yao muda kati ya kuamua na kutenda haukufika dakika 5. Dakika 5! Wengi wanaozipita hizo hubaki hai miaka na miaka. Kwa njia nyingi za kujaribu kujiua, wengi hunusurika. Kwa bunduki, takriban 9 kati ya 10 hufa. Na vijana wanaojiua kwa bunduki nchini humu mara nyingi hutumia ya mzazi au ndugu wa nyumbani.

Kwa hiyo harakati hii inasema bila kumung'unya: nyumba yenye kijana aliyebadilika, asiyelala, aliyejitenga, anayesema hafai kuishi, bunduki itoke kabisa humo hadi apate nafuu. Kila jimbo lina utaratibu wake wa kumkabidhi mtu mwingine silaha, basi ulizeni polisi wa eneo lenu kabla ya kuihamisha. Namba ya 988 hupokea simu na ujumbe mchana na usiku. Mzazi mwenyewe anaweza kupiga. Si lazima asubiri mtoto apige.

Yapo pia yanayotoka nje ya nyumba. Januari 2023, mjini Newport News, Virginia, mtoto wa miaka 6 alikwenda shule na bastola ya mama yake akampiga mwalimu wake risasi darasani. Mwalimu aliishi, mama alifungwa. Novemba 2021, huko Oxford, Michigan, mvulana wa miaka 15 aliwaua wanafunzi 4 kwa bastola ambayo baba alikuwa ameinunua siku chache tu kabla. Mwaka 2024 wazazi wake wote wawili walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, kila mmoja akapewa kifungo cha miaka 10 hadi 15. Walikuwa wazazi wa kwanza Marekani kuhukumiwa hivyo kwa mauaji ya halaiki shuleni yaliyofanywa na mtoto wao. Kwa mzazi ambaye si raia, hukumu ya jinai inaweza kuwa pia mwisho wa kukaa nchi hii.

Na kuna upande mwingine wa hofu ya mvamizi ambao sisi Waafrika tunaubeba kuliko wengi: kuna siku mvamizi anayedhaniwa ni mtoto wetu. Aprili 2023, Kansas City, Missouri, kijana wa miaka 16 wa familia yenye asili ya Liberia alitumwa kuwachukua wadogo zake. Alichanganya barabara mbili za namba moja, akabonyeza kengele ya nyumba isiyo yake. Mwenye nyumba, mzee wa miaka 84, alimpiga risasi kichwani kupitia mlango wa kioo. Kijana alipona. Mzee alisema aliogopa. Tunapowaambia watu wetu kwamba bastola kando ya kitanda ndiyo jibu la hodi ya usiku, tunaijenga nchi ileile ambamo hodi ya mwanangu hujibiwa kwa risasi.

Haya ndiyo tunayoyasimamia.

Bunduki katika nyumba yenye mtoto, au inayotembelewa na mtoto, iwe haina risasi, imefungwa, na risasi zake zimefungwa pengine. Utafiti uliochapishwa 2005 katika jarida la JAMA ulionyesha kwamba kila moja ya hatua hizo huendana na kupungua kwa ajali na kujiua kwa watoto. Anayesisitiza kwamba yake lazima iwe tayari tunamsikia. Basi iwe mwilini mwake au ndani ya sefu ndogo ya kando ya kitanda, inayofunguka kwa kidole au tarakimu kwa sekunde chache. Hakuna mahali pa tatu. Akienda kazini, inafungwa kabla hajavaa viatu. Ufunguo na namba za siri vikae kwa mtu mzima, wala visikabidhiwe binti mkubwa eti kwa kuwa ana akili.

Tutaulizana. Hili ndilo gumu kwetu kuliko lolote, kwa sababu tumefunzwa kwamba mgeni hakagui nyumba ya mwenyeji. Mama hawezi kwa urahisi kumwambia shemeji yake mkubwa, "Shemeji, watoto wanalala kwako Ijumaa, je, kuna bunduki, na imefungwa?" Ataonekana hana adabu. Tunaibadilisha adabu hiyo leo. Katika harakati hii anayeulizwa ndiye anayeheshimiwa, na jibu lake ni "Asante kwa kuuliza, dada, njoo nikuonyeshe." Asiyetaka kujibu, watoto hawalali kwake, na hakuna atakayekasirika. Wachungaji, maimamu na wenyeviti wa vyama vya misiba waanze kuulizwa wao, mbele ya watu, ili mdogo asione haya kumwuliza mkubwa.

Tunadai kwa mashirika yanayowapokea wakimbizi: katika mafunzo ya wiki za kwanza, mnapotufundisha jiko la umeme na kengele ya moshi, tufundisheni na hili, kwa Kiswahili tunachokisema, kile cha Kivu na cha Kigoma pia. Tunadai kwa madaktari wa watoto: tuulizeni kuhusu bunduki kama mnavyotuuliza kuhusu mkanda wa gari, na mkalimani awe mtu mzima, asiwe mtoto mwenyewe. Tunadai kwa wabunge wa majimbo yasiyo na sheria ya kuhifadhi silaha mbali na watoto: Florida ilitunga yake 1989, wala haijaacha kuwa jimbo la wenye bunduki. Michigan ilisubiri hadi 2023, baada ya Oxford.

Mwenye bunduki anakaribishwa kuliko asiyenayo. Hatutamwomba aiuze, hatutaandika jina lake popote, hatutampigia polisi. Vituo vingi vya polisi na idara za afya hutoa kufuli za waya bure, na wanachama wetu watakwenda kuzichukua kwa niaba ya wanaoona haya kwenda wenyewe.

Kujiunga hakuna ada. Anayejiunga anaombwa kwamba, kabla ya Jumapili ijayo, awe amepiga simu kwenye kila nyumba ambamo watoto wake hulala au hucheza, awe ameuliza, na awe amefungua kabati lake mwenyewe akatazama.